Profesa, Balozi, Wakili na Jaji wa Tripaix

Vijana wa parquet, nyinyi waendesha mashtaka, na wa tribunali hapa Uvira, mmeniomba mara nyingi niwaandikie miaka yangu ya kazi. Ujumbe wa mwisho kwenye kundi lenu la WhatsApp ulisema, "Mama Juge, utuandikie hata kidogo." Kidogo hicho ni kiasi gani hamkusema, kwa hiyo mtavumilia.

Nimestaafu, nimerudi nyumbani Rugenge, na kiumbe pekee ninayemhukumu siku hizi ni mbuzi wa jirani anayekuja bustanini kula lenga-lenga zangu. Hajawahi kukata rufaa. Habari za vyeo, gari lenye bendera na mishahara nitaziruka. Anayezitaka amuulize dada yangu mkubwa, maana anazisimulia vizuri kuliko mimi na huongeza chumvi bila kuombwa. Mimi nataka kuwaeleza jambo moja tu: kwa nini benchi la mahakama ya haki za binadamu linahitaji watu waliotoka kwenye kazi tofauti. Sikulisoma kitabuni. Nililiona katika kesi moja iliyonitoa jasho, na tulishinda.

Nilianza kazi kwenye tribunal de paix, ile mahakama ndogo ya mwanzo tunayoiita Tripaix, nikiwa mwembamba na nikijua kila kitu. Prezida wa mahakama yetu alikuwa Papa Kashindi, mzee mfupi mwenye sauti ya mwanakwaya, aliyeweka bote zake za mpira chini ya meza ya biro. Mimi nilidhani ni uchafu wa mtu asiye na mke. Dosye ya kesi yangu ya kwanza ilihusu mfereji wa maji kule Sange, kati ya majirani wawili wenye mashamba ya mpunga. Kila mmoja alidai mfereji ni wake na mwenzake anaiba maji. Nilizisoma karatasi zote, nikaandika rasimu ya hukumu yenye Kifaransa cha kuvunja meno, nikampelekea Papa Kashindi.

Hakuifungua. "Iko muzuri, mama," alisema. "Sasa vala bote."

"Papa Prezida, lakini kila kitu kiko ndani ya dosye."

"Kesi ya shamba hatuikataka mu biro. Vala bote, tuende."

Tulipofika Sange tulikuta kila upande umepika. Huku kuku, kule sombe na samaki, harufu zinashindana hadi barabarani. Nyinyi ni watoto wa hapa, mnajua ulivyo mtego huo. Jaji akila kwa mmoja, ameuza kesi. Akila kwa wote wawili, mtu atapima nani alikula zaidi. Akikataa kote, amewatukana wote, na mtu uliyemtukana hakwambii ukweli. Mimi nilianza kueleza sheria inavyomkataza jaji kupokea kitu, na nikaona nyuso zikifungwa moja baada ya nyingine.

Papa Kashindi akafungua mfuko wake. Ndani kulikuwa na mihogo ya kuchemsha na karanga, alizonunua mwenyewe sokoni asubuhi. Akaomba sinia moja, akaketi chini na bote zake, akasema, "Njaa iko, na kesi iko. Tuanze na njaa. Mukuje nyote." Chakula cha jaji hakuna aliyeweza kukikataa. Wale majirani wawili wakajikuta mikono yao inakutana kwenye sinia moja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu ugomvi uanze. Katikati ya kutafuna, mmoja akasema kwamba karanga kama hizi ndizo baba yake alizokuwa akila siku walipochimba ule mfereji. Walichimba na nani, aliuliza Papa Kashindi. Yule jirani akamtazama mwenzake. "Na baba ya huyu," akasema. Mfereji ulichimbwa na wazee wawili, kwa mashamba mawili. Nilirudi Uvira, nikachana rasimu yangu mwenyewe, na kesho yake nikanunua bote.

Tangu siku hiyo vifaa vyangu vya kazi vikawa hivi: bote, mfuko wa mihogo, mwavuli, na kitabu cha sheria kilichopoteza jalada. Nilihukumu kesi za ng'ombe walioshuka kutoka Rurambo wakaingia kwenye mihogo ya watu, kesi za wajane waliofukuzwa na mashemeji, kesi za kuku ambazo zilikuwa na mashahidi wengi kuliko harusi. Baadaye nilihamishiwa mahali pengine ambapo sitapataja, na huko nikajifunza somo lingine. Baadhi ya kesi zilihitaji majaji watatu. Tulikuwa wawili, na mmoja wetu mara nyingi alikuwa na malaria. Kibao cha mahakama kilikuwepo, paa lilikuwepo, grefye, karani wetu, alikuwepo na mhuri wake, lakini haki ilikuwa imelala kitandani inatetemeka. Watu walitembea mbali kuja kuambiwa warudi.

Jina langu lilipopelekwa kwenye uchaguzi wa majaji wa Mahakama ya kimataifa ya haki za binadamu, hata mimi nilishangaa. Watu wa mji mkuu walishangaa zaidi. Jaji wa Tripaix? Kiti kile, walisema, ni cha maprofesa na mabalozi. Dada yangu hakusubiri hata nimalize kumweleza. "Weye! Uko unaenda hukumu maprezida, na hapa kesi ya mubuzi inakushinda?" Papa Kashindi, aliyekuwa amekwisha kustaafu, hakunipongeza. Aliuliza tu kama huko wanavaa bote.

Nilichaguliwa. Siku ya kwanza niliwakuta wenzangu mezani na nikaelewa kwa nini watu walishangaa. Karibu wote walikuwa wametoka vyuo vikuu. Walikuwa watu wa akili nyingi, na siwasemi vibaya, lakini fikirieni timu ya mpira yenye magolikipa kumi na mmoja. Wote wanadaka vizuri. Nani atafunga?

Watatu kati ya wenzangu hao mtawasikia hapa, na nitawaita kwa kazi walizotoka, maana ndivyo tulivyotaniana wenyewe. Profesa alikuwa bwana mkavu, mwenye sauti ndogo, aliyeweza kukwambia sheria fulani inasema nini huku anamenya chungwa. Wakili alikuwa mama aliyetetea wafungwa miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Alikuwa na kicheko kikubwa na subira ndogo. Balozi alikuwa mtu wa pwani, mwenye Kiswahili kilichonyooka na mashati yaliyonyooka vilevile. Mahakamani tulitumia Kifaransa na Kiingereza, lakini koridoni mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, kila mtu na chake.

"Dada yangu," aliniambia wiki ya kwanza, "hiyo 'iko' yako itatumaliza."

"'Iko' inafanya kazi, kaka. Yako imevaa koti tu."

Siku ya mashauriano yangu ya kwanza nilifanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya. Rais wa Mahakama alinigeukia mimi, mgeni kuliko wote, akaniomba nitoe maoni kwanza. Nilijua adabu. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Baada ya wakubwa wangu." Akasubiri. Nami nikasubiri. Nilidhani ananipima malezi, na nikazidi kuinamisha kichwa. Mwishowe akaendelea na wengine, na grefye akaandika kwamba Jaji mpya hana maoni. Balozi ndiye aliyenieleza baadaye, akijizuia kucheka. Pale mdogo huanza makusudi, ili asije akafuata tu maneno ya wakubwa. Nilimwambia kwamba kwetu mdogo akianza kusema mbele ya wazee, wanamuuliza amelelewa na nani. Safari iliyofuata nilianza mimi, na niliongea mpaka Rais akatazama saa.

Sasa ile kesi. Ilitoka katika nchi moja yenye ziwa lake, na sitaitaja. Kijiji kizima cha wavuvi kilikuwa kimeondolewa ufukweni, nyavu zikachomwa, watu wakapelekwa bara mahali penye vumbi, kwa sababu ufuo umetangazwa kuwa hifadhi. Aliyeleta malalamiko kwa niaba ya wenzake alikuwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Tabu, mwanikaji wa samaki. Alichoomba ni kitu kimoja: arudi kwenye ufuo wake. Serikali ilijibu mambo mawili. Kwanza, wanakijiji walikubali kuhama, kulikuwa na mkutano na mikono iliinuliwa. Pili, walipaswa kwenda kwanza kwenye mahakama ya wilaya yao, na hawakwenda. Ufukweni mawe ya ujenzi yalikuwa yamekwisha kumwagwa. Tukimkataa Mama Tabu, ukuta wa hifadhi ungepanda na watu wale wangetawanyika wasikusanyike tena.

Profesa ndiye aliyepewa kuandaa ripoti. Ilikuwa ripoti safi, na ilipendekeza tuikatae kesi. Sheria ya mahakama za namna yetu inajulikana: mtu amalize kwanza njia za nyumbani. Niliisoma usiku na mchana, sikuona tundu. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya kitanda na malaria.

Kwenye kikao cha hadhara niliwasha kipaza sauti, nikamuuliza mwanasheria wa serikali, "Hiyo mahakama ya wilaya, leo ina majaji wangapi?"

"Mheshimiwa, mahakama hiyo ipo kwa mujibu wa sheria."

"Nimesikia ipo. Nimeuliza nani amekaa ndani."

Alisema atajibu kwa maandishi. Majibu yalipokuja yalikuwa marefu sana, na majaji hawakuwemo. Sasa msije mkadhani hapo nilishinda. Profesa alinisimamisha mlangoni pa maktaba, amekunja uso. "Umeniharibia ripoti," alisema. "Nakushukuru, ingawa si kwa furaha. Lakini elewa, Mama, swali lako ni jiwe tu. Nikiliacha hivyo, serikali italipiga teke." Akaingia maktaba. Mimi nisingeweza kufanya alichokifanya humo. Alifuata hukumu za mahakama za mabara mengine, akaonyesha hatua kwa hatua kwamba njia ya nyumbani lazima iwe njia inayopitika, na kwamba anayedai njia ipo ndiye anayepaswa kuionyesha. Kisha akaiondoa ripoti yake mwenyewe mbele ya wote, akaweka nyingine. Nimeona wanaume wengi wakibadili mawazo. Wachache mno nimewaona wakifanya hivyo kwa sauti ya kawaida. Nilimpenda siku ile kama kaka.

Kesi ikapita mlango wa kwanza. Ulibaki ule mkutano wa mikono iliyoinuliwa. Nikapendekeza twende tukaone wenyewe. Kwa lugha yetu ya hapa, nilitaka descente. Kanuni ziliruhusu, ila hakuna aliyewahi kuzitumia, na watu wa biro walishtuka kana kwamba nimependekeza twende kuogelea na majoho. Wakili akanishika mkono mara moja. "Wateja wangu hawakuwahi kuniambia ukweli ofisini," alisema. "Waliniambia tukiwa tumekaa chini." Tatizo likawa serikali kukubali. Hapo Balozi akaomba aachiwe. Sijui alizungumza na nani, alikunywa chai ngapi, wala alisifu watoto wa nani. Ninachojua ni kwamba barua ya kukubali ilifika ikiwa na maneno "kwa furaha kubwa".

Tulikwenda. Makazi mapya yalikuwa mabati yanayong'aa juani, bila mti wa kuegemea. Upande mmoja serikali ilikuwa imesimamisha hema lenye vitambaa vyeupe na mbuzi wa kuchoma. Upande wa pili wanakijiji walikuwa wameketi kando ya vyungu vyao. Mama Tabu akaja na sahani iliyofunikwa, mwanamke mwembamba mwenye mgongo ulionyooka. Kijana wetu wa itifaki akaruka mbele yake na kusema majaji hawaruhusiwi kupokea chakula. Alisema kweli, na aliisema vibaya. Nikaona zile nyuso za Sange, zinafungwa moja baada ya nyingine, ingawa nilikuwa mbali sana na Sange.

Nilikuwa na mfuko wangu. Asubuhi, wenzangu wakiwa wanakunywa kahawa hotelini, nilikuwa nimepita sokoni kununua mihogo na karanga, na dereva alinitazama kwa huruma. Niliomba sinia, nikaketi mkekani, nikawaomba wote waje kula cha jaji. Wanakijiji wakasogea. Mjumbe wa serikali, bwana mrefu mwenye suti ya kijivu, akabaki amesimama. Angekaaje chini na watu aliokuja kuwashinda? Mimi sikuwa na dawa ya hilo. Balozi alikuwa nayo. Alimwendea, akamshika mkono kwa heshima zote, akamwambia, "Mheshimiwa, sisi wote hapa ni wageni, wewe ndiwe mwenyeji wa nchi hii. Usipokaa, nani atathubutu kukaa?" Bwana yule akavuta suruali magotini, akakaa. Karibu na Mama Tabu.

Mama Tabu akafunua sahani yake ili angalau tuione. Yalikuwa maharage. "Nisameheni wageni wangu," alisema, na mkalimani akatafsiri polepole. "Sijawahi kumpokea mgeni bila samaki. Mama yangu angeniona leo, angekataa kunijua."

Wenzangu wa miji mikubwa waliitikia kwa upole. Mimi, mtu wa Uvira, nilielewa alichosema. Kwetu, nyumba ya ziwani kumwekea mgeni sahani isiyo na hata ndagala, dagaa wetu, ni kumwambia kwamba hapa hapana tena nyumba. Na yule mjumbe wa serikali, muhogo wake mkononi, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye pia amezaliwa ziwani. Hakuna aliyemlazimisha.

Wakili hakuipoteza nafasi hiyo. Mimi ningeuliza, "Je, mlikubali kuhama?" na ningejibiwa ndiyo au hapana, na yote mawili yangebishaniwa hadi leo. Yeye aliuliza huku anamenya karanga, "Ule mkutano wa kuinua mikono, mama, mlikaa wapi?"

"Hapa hapa."

"Hapa? Mlikuwa mmekwisha kuhamishwa?"

"Tulikuwa tumelala nje mvua inanyesha. Wakaja wakauliza nani anataka mabati." Akainua mkono wake wenye karanga. "Tukainua hivi."

Wakili akamgeukia mjumbe wa serikali, akamuuliza kwa adabu kama ana la kusahihisha. Bwana yule akatazama paa la bati lililo karibu. "Sina," alisema. Grefye wetu aliandika neno hilo moja, na kila jaji aliyekuwepo akalisikia kwa masikio yake.

Nilirudi nikiwa na hasira, na nikaandika rasimu ya amri ya moto. Warudishwe mara moja, hifadhi ifutwe, wakubwa waadhibiwe, serikali iombe radhi redioni. Balozi aliisoma kwenye mkahawa wa Mahakama, akakoroga chai yake kwa muda mrefu.

"Hukumu nzuri sana, dada. Nimewahi kuziona nzuri kama hii."

"Wapi?"

"Kabatini. Kazi yangu ilikuwa kuzipokea kwa niaba ya nchi yangu. Tulizipokea kwa mikono miwili, tukazifungia."

"Kwa hiyo tuwapigie magoti?"

"Tuwaachie mlango. Mtu ukimbana ukutani anapigana hata akijua amekosa."

Hapo Kifaransa kilinikimbia, na Kiswahili cha watu nacho, kikabaki cha nyumbani. "Minye sikuchaguliwa kwa kufunguliaka maserikali milango! Ule mama iko analala mu vumbi, na weye uko unakoroga chai!"

Kwa mara ya kwanza hakuicheka "iko" yangu. Alisukuma kikombe pembeni. "Unataka aonekane ameshinda," alisema, "au unataka arudi?"

Nilikwenda zangu nikiwa nimekasirika, na nilikasirika zaidi nilipoona yuko sahihi. Kati ya hukumu zangu zote za Tripaix, zilizotekelezwa ni zile ambazo aliyeshindwa aliweza bado kupita barabarani na kusalimia watu. Nyingine zilihitaji askari kila mwaka.

Kwa hiyo tuliiandika upya sote wanne, na sijawahi kufanya kazi kwa raha kama siku zile. Balozi alitafuta mlango: hifadhi ibaki na jina lake zuri, lakini watu warudi ndani yake, wakae kwenye kamati yake, na sehemu wanamozaliana samaki zifungwe kwa majira kama wazee wa kijiji walivyokuwa wakizifunga tangu zamani. Profesa alijenga msingi, akapiga kila sentensi kwa kidole kuona kama inalia. Wakili aligundua kwamba tumewataja wanaume tu kuwa wavuvi, akawaingiza wanawake wanikaji kwa haki yao wenyewe, na alifanya hivyo kwa kelele. Nami nilichukua zile amri za mwisho, nikazivua maneno makubwa. Nilijua hukumu husomwa na nani mwisho wa yote. Si Profesa. Ni askari aliyesimama kwenye kizuizi, juani, anayeulizwa na mama mmoja kama anaweza kupita. Askari yule lazima aelewe. Niliandika: "Wapite. Wajenge. Wavue."

Mnaniuliza nani kati yetu aliyeishinda kesi ile? Mtoeni mmoja wetu, yeyote, halafu mnitafutie ushindi wenyewe. Ripoti ya kwanza ingemkataa Mama Tabu kwa Kifaransa kizuri. Rasimu yangu ingemwingiza kabatini. Ndiyo maana nawaambia, siku mtakapoulizwa nani apelekwe kwenye mahakama kama ile, msikubali kuchagua kazi moja tu mkaiita sifa. Na nyinyi wa Tripaix msijifiche nyuma ya mlango mkidhani kiti kile si chenu. Ni chenu pia.

Siku ya kusoma hukumu, majaji wote walikuwa upande mmoja, hata wenzetu wawili waliokuwa wameipinga kesi ile tangu mwanzo. Mama Tabu alikuwa amekaa mstari wa mbele, na mgongo wake ulikuwa vilevile umenyooka. Rais aliposoma lile neno "wapite", mkalimani akamnong'oneza, naye akasimama kabla ya kuambiwa asimame, akapiga kigelegele kilichozima vipaza sauti. Hakuna aliyemwamuru akae. Wakili alipiga meza. Profesa alipangusa miwani ambayo haikuwa na uchafu. Mimi nililia nikiwa na joho langu, na sioni aibu kuliandika.

Lakini hukumu kusomwa ni nusu ya kazi. Kama kanuni zinavyotaka, baadaye tuliitisha kikao cha kukagua utekelezaji. Serikali ilimtuma yule yule bwana mrefu, akaeleza kwamba watu wamerudi na mawe ya ujenzi yameondolewa. Alisema vizuri. Ila nilikuwa nimesikia wengi wakisema vizuri, na wenzangu vilevile, na wote tukageukia kiti cha mlalamikaji ili yeye mwenyewe aseme kama ni kweli.

Kiti kilikuwa kitupu.

Niliwaza kila kitu kibaya ambacho jaji aliyezeeka kazini anaweza kukiwaza. Mwanasheria aliyemwakilisha Mama Tabu, kijana mwenye joho jipya, akasimama. Alikuwa na haya.

"Waheshimiwa, mlalamikaji anaomba radhi. Tiketi aliletewa, na pasi anayo. Lakini samaki wameingia tangu juzi, kwa wingi, na wakikaa bila kuanikwa wanaharibika. Amesema hawezi kuja."

"Anaomba tuahirishe?" aliuliza Profesa.

"Hapana, Mheshimiwa. Amesema hana muda."

Balozi ndiye aliyeanza kucheka, kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kisha Wakili, kisha benchi zima, na yule bwana mrefu wa serikali naye akafunika mdomo kwa karatasi zake. Rais wa Mahakama alisubiri tutulie. Kisha akamgeukia grefye, akamwambia kwa sauti ile ile aliyotumia kwa amri zote:

"Andika. Mlalamikaji hakufika. Yuko kazini."